Daftari Wazi, Kura ya Sonko

Mwaka 2024 vijiwe vya boda vya Tarime mjini vilibadilika kinoma. Msela anasubiri abiria, kidole kinagonga kioo cha simu, anamgonga yule panya wa Hamster Kombat mpaka bando linakata. Sirari hivyo hivyo, Mugumu hivyo hivyo. Wasee walishapiga hesabu za pikipiki, wengine za mabati ya nyumba ya mathe. Tokeni ikaingia sokoni tarehe 26 Septemba, na wengi wakaambulia hela ya chipsi. Hiyo stori ishabongwa sana, siirudii. Nataka tubonge kuhusu kilichokuja nyuma yake, zile meseji za Telegram zinazosema: shika tokeni hii, utakuwa mmiliki, utapiga kura, jamii ndiyo inaongoza mradi.

Jamii gani, wanangu? Kura inahesabiwaje? Nani ana funguo? Mtu akikuletea dili la ng'ombe pale mnadani unamkagua mnyama meno, miguu, mpaka alama ya ukoo. Kwenye kripto tunabonyeza "nakubali" bila kucheki hata jino moja, na doo ni ile ile iliyotoka kwenye kahawa na boda.

Rada iko hivi. Blokcheni ni daftari ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi dunia nzima, na muamala ukishaandikwa haufutiki. Juu ya daftari hilo watu wanaunda DAO, yaani jumuiya isiyo na bosi, inayojiendesha kwa kura. Mmoja analeta pendekezo: tupunguze ada, tumlipe fundi fulani, tutoe mpunga kwenye hazina tujenge kitu kile. Wenye tokeni wanapiga kura, zikitosha, programu yenyewe inatekeleza. Hakuna mhazini wa kukwambia kitabu amekisahau kejani. Hiyo sehemu naikubali asilimia mia.

Noma ni kwamba kinachohesabiwa ni tokeni, sio vichwa.

Cheki Uniswap, soko kubwa la kubadilishana kripto. Septemba 2020 liliwagawia watu waliowahi kulitumia UNI 400 kila mmoja, bure kabisa, na kazi kubwa ya UNI ni kupigia kura. Fiti. Lakini pendekezo likitaka kupita linahitaji kura za ndio milioni 40. Piga hesabu kwenye simu yako: wenye 400 lazima wawe watu laki moja, wote wakubaliane, wote wawe macho wiki hiyo. Februari 2023 kampuni moja ya uwekezaji ya Marekani, a16z, ilipinga pendekezo kwa UNI milioni 15. Mkono mmoja, uzito wa wasee 37,500 wenye 400 zao. Siku hiyo ilishindwa, kwa sababu upande wa pili nao ulikuwa na masonko wake. Kampuni ya uchambuzi ya Chainalysis iliangalia DAO kubwa mwaka 2022 ikakuta chini ya asilimia 1 ya wenye tokeni wameshika asilimia 90 ya nguvu ya kura. Kwa hiyo ukiambiwa "jamii imeamua", mara nyingi ni mbogi ndogo ya watu wanaojuana kwa namba za simu.

Stori inayonikera kuliko zote ni ya Steem, na nitaisimulia yote kwa sababu inamgusa msee yeyote aliyeacha tokeni zake kwenye soko la mtandaoni. Steem ilikuwa blokcheni ya watu wa kuandika na kuposti. Kampuni iliyoianzisha ilijiwekea mzigo mkubwa wa tokeni tangu mwanzo, na wanajamii waliishi kwa ahadi kwamba mzigo ule hautatumika kupigia kura. Februari 2020 kampuni ikauzwa kwa Justin Sun, tajiri wa blokcheni ya Tron. Wanajamii wakaogopa, wakapitisha mabadiliko ya kuufungia mzigo ule. Sun akajibu. Tarehe 2 Machi masoko makubwa matatu, Binance, Huobi na Poloniex, yakaingia kwenye uchaguzi wa wasimamizi wa blokcheni ile na kura nzito, na kura zile zilitoka kwenye tokeni za wateja. Yaani tokeni za yule msela wa Lagos au Manila aliyeziacha pale zikae salama. Ndani ya saa chache wasimamizi 20 wa juu wakabadilishwa wote. Wateja hawakuulizwa, na wengi hawakujua kama kuna uchaguzi. Baada ya kelele, Binance na Huobi wakaondoa kura zao. Wanajamii waliokataa wakahama na daftari lao, tarehe 20 Machi wakaanzisha blokcheni mpya, Hive, na mzigo wa Sun wakauacha nyuma.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Kura uliyoiacha kwa mwingine inaweza kutumika dhidi yako. Na kwenye blokcheni jamii ikionewa inaweza kunakili daftari zima na kuondoka, jambo ambalo kijiji hakiwezi: Nyamongo haihami na dhahabu yake.

Mradi wa Beanstalk nao uliporwa kwa kura. Aprili 2022 mtu alikopa tokeni za karibu dola bilioni 1 kwa mkopo wa sekunde, ule unaokopwa na kulipwa ndani ya muamala mmoja, akapata zaidi ya theluthi mbili ya kura, akapitisha pendekezo lake mwenyewe, akachota hazina, akarudisha mkopo. Mradi ukapoteza takriban dola milioni 182. Hakuvunja kufuli lolote, maze. Alipiga kura. Kwenye DAO ya Compound, Julai 2024, kundi moja lilipitisha kwa kura 682,191 dhidi ya 633,636 kwamba lipewe tokeni 499,000, thamani yake kama dola milioni 24. Watu walipoamka na kubisha, wakakaa mezani na mpango ukafutwa.

Sasa utauliza: si waweke tu mtu mmoja kura moja? Wamejaribu. Kinachowashinda ni kwamba pochi ya kripto haina sura. Msee mmoja anaweza kufungua pochi elfu usiku mmoja na kujifanya kijiji kizima. Kuna mbinu ya kupunguza makali ya sonko, ambapo kura ya kwanza inagharimu 1, mbili zinagharimu 4, tatu 9, lakini nayo inakufa pale mtu anapojigawa pochi elfu. Ndiyo maana Worldcoin walikuja Nairobi na lile dude lao la kupiga picha mboni ya jicho, wapate uhakika kwamba kila akaunti ni binadamu mmoja. Mnakumbuka foleni za KICC, watu wamekesha wapate tokeni 25 zilizokuwa kama ngiri saba za Kenya. Serikali ya Kenya ikasimamisha zoezi tarehe 2 Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe.

Watu walitoa macho yao ili dunia ijue wao ni watu. Halafu njoo Tarime. Huku mwenyekiti wa kitongoji anakujua wewe, baba yako, ng'ombe wenu na mwaka uliotahiriwa. Huwezi kuwa wasee watano kwenye mkutano wa Bwirege. Kitu wanachokitafuta Silicon Valley kwa mamilioni ya dola, sisi tunacho bure, na hatujaona thamani yake.

Cheki kikundi cha akina mama pale Sirari. Mkutano ni mara moja kwa wiki, nyuma ya maduka, viti vya plastiki vimepangwa duara. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zimekaa kwa akina mama watatu ambao hawatoki nyumba moja, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila mwanachama ananunua hisa kuanzia moja mpaka tano, haizidi. Kila hisa inagongwa mhuri kwenye kitabu chake, chumba kisichojazwa kinachorwa mstari ili asije mtu akagonga baadaye. Nilimshuhudia dada mmoja mwenye duka la vitenge, biashara ilikuwa imemwendea vizuri, akataka kuweka ya sita. Mwenyekiti hata hakunyanyua sauti. "Dada, tano. Katiba ni yako pia." Dada akacheka, akarudisha noti kwenye kanga.

Angalia akili iliyo pale. Anayeweka hisa tano kila wiki atavuna zaidi wakivunja mzunguko mwisho wa mwaka, ni haki yake, kaweka nyingi. Ila ikifika kura ya nani akopeshwe au nani atolewe, mkono wake ni mmoja sawa na wa mama anayeweka hisa moja. Pesa inazaa pesa, kura inabaki ya mtu. DAO nyingi zimevichanganya hivyo viwili tangu siku ya kwanza, na matatizo yote niliyosimulia hapo juu yanaanzia hapo. Zile kufuli tatu wao wanazo, wanaita pochi ya saini nyingi, kwa mfano funguo tatu kati ya tano lazima zikubaliane ndipo mpunga utoke. Ukisoma mradi wowote, hilo ndilo swali la kwanza: funguo ngapi, kwa nani, na je, watu hao wanalala nyumba moja?

Mababu zetu nao hawakuwa wageni wa mambo haya. Wakurya wana iritongo, baraza la wazi ambapo kesi ya wizi wa ng'ombe ilisikilizwa mbele ya watu. Upande wa pili kuna inchama, wazee wa mila wanaokaa faragha na kutoka na uamuzi. Nawaheshimu wazee, lakini nasimama na iritongo. Uamuzi unaowagusa mabinti na vijana ukifanyika mahali ambapo binti na kijana hawaingii, huo ni wa sonko hata kama hakuna tokeni.

Na hapa lazima tuongee ukweli kuhusu upande wetu. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho kijijini. Ukiwa na miaka 18 na unaishi pale, wewe ni mjumbe, huhitaji kununua kitu. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa kila robo mwaka. Lakini ni vijiji vingapi ambapo daftari linasomwa kwa kasi ya mnadishaji, linafungwa, linarudi kabatini? Na ni wasee wangapi wako kijiweni muda huo wanacheki chati za kripto? Watu wa DAO wana daftari wazi na kura ya sonko. Sisi tuna kura ya kila mkono na daftari la kabatini.

Ishu sio ndogo. Mgodi wa North Mara umekuwa ukichimba Nyamongo tangu 2002, na Sheria ya Madini ilivyorekebishwa 2017 inamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kukubaliana maana yake kuna orodha ya miradi, kuna bei, kuna mkandarasi. Orodha hiyo ingekuwa mahali ambapo msee wa Kewanja au Nyangoto anaifungua kwa simu, anaona darasa limelipwa kiasi gani na limefika lenta au bado, maswali ya mkutanoni yangebadilika siku hiyo hiyo. Vuka Mto Mara uende Serengeti, vijiji vitano vya Ikona, yaani Robanda, Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Natta Mbiso, vimetenga ardhi ya wanyama na vinagawana mapato ya utalii. Kila kijiji kinatuma wawakilishi. Hapo ndipo maswali mazito ya utawala yanapoishi: kijiji chenye ardhi kubwa zaidi kwenye hifadhi kipate zaidi, au mgao uwe sawa? Mkataba na mwekezaji ausome nani kabla haujasainiwa? Hayo ni maswali yale yale ya DAO, tofauti ni kwamba tembo akivunja ghala la mahindi hakuna mtu wa kuzima kompyuta.

Kuna kitu kimoja kutoka kwa watu wa blokcheni ambacho ningetamani tukichukue kesho. Desemba 2024 watu wa Cardano walikutana Nairobi na Buenos Aires kwa wakati mmoja, wakapitisha rasimu ya katiba ya blokcheni yao. Kabla ya hapo walifanya warsha kwenye makumi ya nchi, kila warsha ikachagua mjumbe wake. Februari 2025 katiba ikathibitishwa kwenye mnyororo wenyewe, na hapo, ndiyo, uzito ukarudi kwa ADA, tokeni yao. Lakini angalia uwakilishi wao: huna muda wa kusoma mapendekezo, unamkabidhi kura yako mtu unayemwamini, ADA zako zinabaki kwako, na akikuzingua unamnyang'anya kura saa yoyote, hata saa nane usiku. Kila kura aliyopiga inaonekana wazi kwenye mnyororo. Sisi tukimchagua mtu ni miaka mitano, na alivyopiga kura huko kwenye vikao vyake tunasikia kwa tetesi.

Pwani walishajaribu kuoanisha vikundi vya mtaa na blokcheni. Mwaka 2013, mtaa wa Bangladesh kule Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianzisha Bangla-Pesa, vocha za mtaa za kubadilishana bidhaa pale shilingi zinapokauka. Polisi waliwakamata waanzilishi, baadaye mashtaka yakaondolewa. Wazo likakua likawa Sarafu, likahamia kwenye blokcheni, na mtu alitumia kupitia simu ya kawaida ya batani, bila bando. Walioliendesha walikuwa vikundi, mathe na majirani wanaojuana. Kwa macho yangu huo ndio mchongo wa kweli wa hii teknolojia kwa watu wa hali yetu, kuliko tokeni kumi mpya zinazotangazwa na mshkaji asiyeonyesha sura.

Kwa hiyo ukiletewa mradi, kabla hujatoa hata buku, kaa chini uchambue. Nani ameshika tokeni nyingi? Kwenye blokcheni halisi orodha hiyo iko wazi, ukiambiwa ni siri, kimbia. Kura iliyopita ilikuwa lini, waliopiga walikuwa pochi ngapi? Pendekezo likipita linatekelezwa papo hapo au kuna siku za kusubiri watu washtuke? Wenzetu wa Beanstalk walipigwa kwa kukosa kinga dhidi ya kura ya kukopa. Tokeni zako ziko kwenye pochi yako au kwa soko linaloweza kukupigia kura? Mjue na msimamo wa serikali: Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba kripto si fedha halali nchini, Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza akaitaka benki hiyo ijiandae kwa mambo haya, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Ukipigwa, usitegemee kwamba kuna dirisha la kurudishiwa.

Huko Sirari sasa kuna mjadala ambao nauona ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Wanachama wawili watatu wamehama, mmoja yuko Dar, mwingine kaolewa upande wa Migori. Wanatuma hisa kwa simu kila wiki, hawakosi. Wanataka na kura. Baadhi ya akina mama wanakataa: kura ni ya aliyekaa kwenye duara, aliyemuona mkopaji usoni. Wengine wanauliza vipi tuchukue pesa ya mtu tumnyime mkono. Mimi nasema wapewe. Kikundi kinawajua, kwa hiyo hakuna hatari ya pochi elfu. Wapige kwa ujumbe wa simu, mwandishi asome jina na kura kwa sauti mbele ya wote kabla mikono ya waliopo haijanyanyuliwa, wasije wakasukumwa na upande unaoshinda. Na kila mkutano ukiisha, ukurasa wa daftari upigwe picha, urushwe kwenye grupu la WhatsApp siku hiyo hiyo, mihuri ikiwa bado mibichi, ili wa Dar na wa Migori wahesabu pamoja na wa Sirari. Mwenyekiti amesema ataliweka kwenye ajenda mzunguko ukivunjwa, kwa sababu katiba yao haibadilishwi katikati ya mwaka.